Majina Kilimani, Hesabu Kigali

Mwaka 1989 gazeti la Kinyamateka lilichapisha picha ambazo wakubwa wa Kigali hawakupenda zionekane. Zilikuwa picha za wakulima wa kusini mwa Rwanda, upande wa Gikongoro, waliodhoofika kwa njaa. Serikali ya Rais Juvénal Habyarimana ilikuwa imejijengea jina zuri kwa wafadhili wa Ulaya: nchi ndogo, vilima vingi, watu wengi, lakini inajilisha yenyewe. Njaa haikuwa na mahali katika jina hilo.

Kinyamateka lilikuwa gazeti la Kanisa Katoliki, lililoanzishwa mwaka 1933, na mhariri wake tangu 1988 alikuwa padri kijana, André Sibomana. Chini yake gazeti liliacha kuandika mahubiri matupu likaanza kuandika habari za rushwa, za mali ya umma inayopotea na za watu wanaokufa kwa kukosa chakula katika nchi isiyokiri kwamba chakula kimekosekana. Mwaka 1990 Sibomana na baadhi ya waandishi wenzake walifikishwa mahakamani kwa yale waliyoandika. Waliachiwa huru. Miaka minne baadaye, damu ya mauaji ya kimbari haijakauka, shirika la Reporters Without Borders lilimpa tuzo yake ya mwaka. Alifariki mwaka 1998.

Njaa ya 1989 ilikuwa na baba zaidi ya mmoja. Mvua ziliharibika. Mashamba yalikuwa yamegawanywa na kugawanywa tena, baba akimgawia mwana, hata kipande cha mwisho kikawa hakitoshi kulaza mbuzi. Kisha Julai mwaka huohuo mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na kahawa ndiyo iliyokuwa ikimpa mkulima wa Rwanda fedha taslimu. Serikali, iliyokuwa ikipanga yenyewe bei ya kumlipa mkulima, iliishusha mwaka 1990 kutoka faranga 125 kwa kilo hadi 100. Mtu aliyekosa mihogo shambani alikosa na hela ya kununulia mihogo ya mwenzake. Baadhi ya familia zilifunga virago zikavuka mpaka kuingia Tanzania.

Picha zile zilionekana kama kilio cha kuomba huruma, lakini ndani yake mlikuwa na swali la karani wa ghala. Dola ilikuwa na shirika la kununua na kuuza mazao ya chakula, OPROVIA, lililoundwa katikati ya miaka ya 1970. Ilikuwa na mfumo wa kusawazisha bei ya kahawa uliokata kitu kwa mkulima miaka ya neema. Je, mwaka wa dhiki ulipofika, kilichowekwa kilikuwa kiasi gani, kilitoka lini, na kilimfikia nani? Mkulima wa Gikongoro hakuwa na pa kuuliza. Mchumi wa Kihindi Amartya Sen alikuwa akieleza miaka hiyohiyo kwamba njaa kubwa hupata taabu kuota mahali penye magazeti huru na upinzani unaopiga kelele, kwa sababu serikali huona haya mapema. Rwanda ya 1989 ilikuwa na gazeti moja lenye ujasiri huo, na mhariri wake aliitwa kizimbani.

Kutojua kilichotolewa ni jambo la zamani katika vilima vile. Wazee wa Rwanda huzipa njaa majina, kama watu wengine wanavyovipa vita majina: Rumanura ya miaka ya vita kuu ya kwanza huko kaskazini magharibi, Rwakayihura ya 1928 na 1929 upande wa mashariki, na ile inayotajwa kwa hofu kuliko zote, Ruzagayura ya 1943 na 1944. Jina hubaki, hesabu hupotea. Makadirio ya waliokufa katika Ruzagayura yanaanzia makumi ya maelfu, kama maofisa wa Ubelgiji walivyoandika, na mengine yanafika watu laki tatu. Pengo la namna hiyo haliwezi kuwa kosa la kalamu. Ni ushahidi kwamba hakuna aliyekuwa akihesabu kwa dhati.

Ruzagayura ilikuja kwa ukame na kwa ugonjwa ulioozesha viazi, lakini ilinenepeshwa na amri. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Ujerumani, na makoloni yake ya Afrika yalitakiwa kulisha juhudi za vita. Chakula na ng'ombe viliondoka vilimani kwenda kwenye migodi ya Kongo na kwenye mahitaji ya jeshi. Wanaume walioitwa kufanya akazi, ile kazi ya lazima ya barabara na mashamba ya serikali, walikuwa mbali na majembe yao wakati wa kupanda. Njaa ilipokolea, malori yalipeleka chakula cha msaada na misheni zikafungua milango, lakini chakula kilichofika kilipita mikononi mwa machifu walewale waliokuwa wakikusanya kodi na watu wa akazi. Aliyepata alipata kwa fadhila. Aliyekosa alitembea hadi Uganda, Kongo au Tanganyika, au hakufika.

Na hapa pana kejeli ya historia. Rwanda na Burundi hazikuwa koloni kamili. Ubelgiji ilizishikilia kwa dhamana ya Shirika la Mataifa, na kabla ya vita iliwajibika kutuma taarifa Geneva kila mwaka. Fedheha ya Rwakayihura mbele ya macho ya dunia ndiyo iliyousukuma utawala kulazimisha kilimo cha mihogo na viazi vitamu na kuchimba barabara za kupitishia chakula. Baada ya vita, taarifa zikawa zinakwenda Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo hesabu za maafa ya mkulima wa Rwanda zilisomwa na mabwana waliokaa kando ya ziwa la Uswisi kabla hazijasomwa na mkulima mwenyewe, ambaye hakuwahi kuletewa. Uwajibikaji ulikuwapo, ila ulikuwa na njia moja tu, nayo ilielekea nje.

Baada ya 1994 kila kitu kilianza upya, na kilianza na nchi isiyo na kitu. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliundwa mwaka 1998. Katiba ya 2003 ikaleta ofisi ya Umuvunyi, yaani mpokea malalamiko dhidi ya dola na mfuatiliaji wa rushwa. Hizo ni taasisi za Kigali, za watu wenye mafaili na miwani. Kilichogusa kilima moja kwa moja ni ubudehe.

Ubudehe ni desturi ya kale ya Wanyarwanda kulimiana mashamba kwa pamoja. Serikali iliichukua mwaka 2001, ikaijaribu kwanza mkoa wa Butare, kisha ikaieneza nchi nzima kama njia ya watu kujipanga wenyewe. Wanakijiji walikusanyika uwanjani, wakachora ramani ya kijiji juu ya ardhi kwa vijiti, majivu na majani, kila nyumba mahali pake, wakasema mbele ya wote: huyu hana ardhi, yule ana ng'ombe, mama yule ni mjane na hana wa kumlimia. Baadaye kila akagari, ngazi iliyo juu ya kijiji, ilipewa takriban yuro 1,000, sehemu kubwa zikitoka Umoja wa Ulaya, na wananchi wakachagua wenyewe wazifanyie nini. Wengine walinunua mbuzi, wengine walitengeneza matuta, wengine walivuta maji.

Jambo la kukumbuka katika ubudehe wa mwanzo ni hili: kila mtu alijua kiasi kilichokuja. Hata asiyejua kusoma aliweza kuuliza mbuzi wangapi walinunuliwa na bei ya mbuzi sokoni ni ngapi. Mwaka 2008 mpango huo ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma, na kwa haki kabisa.

Kisha ubudehe ukawa kitu kingine. Yale makundi ya walionacho na wasionacho, yaliyoanza kama mazungumzo ya kijiji, yakageuka kuwa ufunguo wa huduma za serikali. Kundi liliamua nani alipiwe bima ya afya, nani aingie katika VUP, mpango wa serikali wa kuwasaidia maskini, ulioanza mwaka 2008 kwenye imirenge (umurenge ni ngazi iliyo juu ya akagari) 30 maskini kuliko yote, mmoja kwa kila wilaya. VUP iliwalipa wasio na nguvu ya kufanya kazi posho ya moja kwa moja, wenye nguvu ikawapa vibarua vya kuchimba matuta na kutengeneza barabara, wengine ikawakopesha. Kwa mkulima aliyepigwa na mvua au ukame, hiyo ndiyo iliyokuwa fidia ya karibu zaidi, ingawa haikuitwa hivyo. Basi watu waliotaka kusaidiwa walianza kugombania kuitwa maskini. Mwaka 2015 makundi yakapangwa upya yakawa manne. Mwaka 2020 likatangazwa wazo la makundi matano yenye herufi badala ya namba. Mwishowe serikali ikaamua makundi yasiwe tena kigezo cha huduma, na kazi hiyo ikahamia kwenye daftari la kijamii la kompyuta.

Fedha nazo zilibadili njia. Tangu 2009 kila umurenge ulikuwa na SACCO yake, yaani chama cha akiba na mikopo, 416 kwa jumla, na posho za VUP zikapitia kwenye akaunti badala ya bahasha. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Bahasha haina kumbukumbu. Akaunti inayo, na Mkaguzi Mkuu akaanza kuona yaliyokuwa yakifichika: malipo yaliyochelewa kwa miezi, wasiostahili waliomo kwenye orodha, mikopo isiyorejeshwa. Taarifa zake husomwa bungeni Kimihurura kila mwaka, katika jengo ambalo kuta zake zilibeba matundu ya risasi za 1994, na tangu 2011 kamati ya hesabu za umma, PAC, huwaita wakurugenzi na makatibu wajieleze mchana kweupe. Redio hurusha. Wanyarwanda wengi husikiliza vikao hivyo kama wengine wanavyosikiliza mpira.

Mbolea ilitoa somo lake. Mwaka 2007 serikali ilianza mpango wa kuongeza mazao, ikaagiza mbolea, ikaitoa kwa ruzuku na kwa mkopo kupitia wafanyabiashara wa kati. Orodha za karatasi, saini za viongozi wa kijiji, mifuko inayopita mikono minne kabla ya kufika shambani: yeyote aliyewahi kuishi karibu na ghala la ushirika anajua kinachofuata. Mabilioni ya faranga ya mikopo ya mbolea hayakurejea, na maofisa wa kilimo wakawa wageni wa mara kwa mara wa PAC. Jawabu la serikali likawa kompyuta. Mwaka 2017 ulizaliwa mfumo wa Smart Nkunganire, uliotengenezwa na kampuni ya BK TecHouse, ambamo mkulima hujiandikisha kwa kitambulisho cha taifa, huagiza pembejeo kwa simu yake ya kitochi kwa kubonyeza *774#, na ruzuku hukatwa papo hapo kwenye bei ya muuza pembejeo. Mtu wa kati mwenye daftari lake akapungua nguvu.

Ng'ombe walikuwa na hadithi ileile, ila yao huonekana kwa macho. Girinka, mpango wa ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini ulioanza mwaka 2006, umegawa zaidi ya ng'ombe 400,000. Ng'ombe hafichiki. Akipewa tajiri, kijiji kizima kinamwona akilishwa. Ndiyo maana malalamiko ya Girinka yalikuwa mengi na ya haraka, na ndiyo maana viongozi kadhaa walilazimishwa kurudisha ng'ombe waliojigawia. Fedha ingekuwa na pembe na mkia, kazi ya Mkaguzi Mkuu ingekuwa nyepesi.

Mwaka 2016 ukame ukarudi mashariki. Kayonza, Kirehe na Nyagatare zilikauka, mahindi yakasimama kama fimbo, na watu wakaupa msimu ule jina kama mababu zao walivyofanya: Nzaramba. Serikali ilitoa chakula cha akiba, na wenye nguvu wakapewa vibarua. Mwaka uliofuata viwavijeshi vilivamia mahindi nchi nzima hata wanajeshi wakaingia mashambani kusaidia kuviokota na kupuliza dawa. Misimu hiyo miwili iliiaminisha wizara ya kilimo kwamba kutoa chakula kila mara si mpango.

Wazo la bima lilikuwa limeshafika nchini. Kenya ilikuwa na Kilimo Salama tangu 2009, bima iliyolipa kwa kuangalia vipimo vya mvua badala ya kumtembelea kila mkulima, na wazo hilo lilivuka hadi Rwanda miaka michache baadaye kwa jina la Hinga Urishingiwe. Aprili 2019 serikali ikazindua mpango wake, Tekana Urishingiwe Muhinzi Mworozi: mkulima alipe asilimia 60 ya ada, serikali ilipe 40, na kampuni za bima zibebe hatari. Ulianza na mahindi, mpunga na ng'ombe wa maziwa, kisha ukaongezwa viazi, maharage, pilipili, nguruwe na kuku.

Ni mpango mzuri, na una ubaya mmoja usiozungumzwa. Ile asilimia 40 haipiti mkononi kwa mkulima. Hutoka hazina ikaenda kwa kampuni ya bima, na mkulima huona ada iliyopungua tu. Mafuriko yakija, anangoja mkaguzi wa hasara aje apime. Akilipwa kidogo, hana jedwali la kumwonyesha jirani yake wa umurenge wa pili alilipwa ngapi kwa hekta, wala msimu huu kampuni ilipokea kiasi gani cha ruzuku na ililipa fidia kiasi gani. Mfumo wa kompyuta unamjua yeye hadi namba ya kitambulisho. Yeye haujui mfumo.

Usiku wa kuamkia Mei 3 mwaka 2023 mvua ilinyesha kaskazini na magharibi kama mbingu iliyopasuka. Mto Sebeya ulifurika Rubavu. Milima ilimeguka Ngororero, Rutsiro, Karongi, Nyabihu na Burera. Zaidi ya watu 130 walikufa, wengi wakiwa vitandani, na nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka. Wizara ya kushughulikia dharura, MINEMA, iliyopata sura yake ya sasa mwaka 2018, iliwahamishia manusura shuleni na makanisani, Rais Paul Kagame alikwenda Rubavu, na michango ikamiminika. Siku chache tu baada ya mafuriko, baraza la wilaya ya Rubavu lilimwondoa meya wake, Ildephonse Kambogo, likisema hakutimiza wajibu wake.

Kuondolewa kule kunaeleza tabia ya dola ya Rwanda kuliko hotuba kumi. Uwajibikaji upo, tena una meno. Gitifu, yaani katibu mtendaji wa akagari au umurenge, anayekula unga wa wenye njaa hulala rumande. Mwaka 2020, wakati wa kufungiwa ndani kwa sababu ya Covid, shirika la upelelezi RIB liliwakamata viongozi kadhaa wa mitaa na vijiji kwa kuchezea chakula cha msaada. Lakini yote hayo hushuka kutoka juu. Mkubwa humwajibisha mdogo, na mwananchi hutazama. Nchi ni hodari wa kumtimua mtu kuliko wa kubandika jedwali ukutani.

Takwimu za nje zinaonyesha jambo hilohilo. Katika orodha ya Transparency International ya mwaka 2021, Rwanda ilipata alama 53 kati ya 100 na Uganda 27; kwa uchache wa rushwa, hakuna ubishi nani yuko mbele. Ila katika uchunguzi wa uwazi wa bajeti wa mwaka huohuo, unaopima serikali inawachapishia wananchi nini, Rwanda ilipata 45 na Uganda 58. Kiwango kinachohesabiwa kuwa kinamtosha mwananchi kujua ni 61, na zote mbili hazikukifikia. Yaani inawezekana kabisa nchi ikachunga fedha zake vizuri bila kumwonyesha mwenye fedha.

Jirani wa mashariki alionja upande wa pili. Septemba 2016 tetemeko liliipiga Kagera nchini Tanzania, na Watanzania wakachanga kwa moyo. Wiki chache baadaye Rais John Magufuli aliwafuta kazi maofisa wawili wa serikali baada ya kufunguliwa akaunti ya benki yenye jina lilelile la akaunti rasmi ya kamati ya maafa. Kisha Januari 2017 aliwaambia watu wa Kagera kwamba serikali haitawajengea nyumba. Michango ilikwenda kwenye miundombinu ya umma. Pengine uamuzi huo ulikuwa na hoja. Lakini aliyechanga kwa simu yake alikuwa na picha kichwani mwake ya nyumba ya bibi iliyoanguka, na hakuulizwa.

Huko mbali pia watu wamegombana sana juu ya jambo hili. Marekani, kundi la wanaharakati wa mazingira liitwalo Environmental Working Group liliweka kwenye intaneti mwaka 2001 majina ya wapokeaji wa ruzuku za kilimo na kiasi alichopata kila mmoja. Mwaka 2006 gazeti la Washington Post lilifuatilia fidia ya ukame kwa wafugaji na kukuta mpango uliogharimu zaidi ya dola bilioni 1 uliolipa hata watu ambao hawakupata ukame. Katika baadhi ya wilaya za Texas kilichofungua mlango wa malipo kilikuwa mabaki ya chombo cha anga Columbia kilichoanguka mwaka 2003. Bila majina na namba, nani angeligundua? Ulaya, waandishi wa habari walivuta orodha za ruzuku za Umoja wa Ulaya, na wasomaji wakakuta humo mashamba ya kifalme na makampuni makubwa. Lakini wakulima wawili wa Hesse, Ujerumani, walishtaki kwamba kutangazwa majina yao ni kuvuliwa nguo hadharani, na Novemba 9, 2010 mahakama kuu ya Ulaya ikakubaliana nao kwa watu binafsi. Miaka mitatu baadaye ikapatikana njia ya kati: majina yatangazwe, lakini anayepata chini ya yuro 1,250 jina lake lifichwe.

Njia hiyo ya kati inaisuta Rwanda, kwa sababu vilimani mambo yamekwenda kinyume. Jina la mjane anayepokea posho ya VUP husomwa mbele ya inteko, mkutano wa wananchi, na kila mtu anajua kwamba yeye ni maskini. Mnyonge amekaa uchi kwenye mwanga. Ruzuku inayokwenda kwa kampuni ya bima, tenda ya kujenga upya daraja lililosombwa, jumla ya michango ya mafuriko iliyoshuka hadi wilayani, hizo mwanakijiji hazisikii zikisomwa. Ulaya imeficha wadogo na kutangaza wakubwa. Hapa mdogo ndiye aliyetangulia kutangazwa.

Hakuna sheria inayozuia jambo hilo kugeuzwa. Sheria namba 04/2013 ya Februari 8, 2013 inampa kila mtu haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, kwa mdomo, kwa maandishi, kwa simu au kwa intaneti, na Umuvunyi ndiye msimamizi wake. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Oktoba 2021 inalinda jina la mjane. Hailindi jumla ya fedha. Wanaoitumia sheria ya 2013 ni waandishi na mashirika ya Kigali zaidi kuliko wakulima. Mtu wa Rutsiro aliyepoteza shamba la viazi hataandika barua kwa wizara. Atauliza kwa gitifu wake, na gitifu atamjibu kwa kadiri anavyojua, na mara nyingi naye hajui.

Ubudehe wa 2001 ulionyesha kwamba inawezekana, tena bila kompyuta: fedha ikaja, kiasi chake kikajulikana, wananchi wakakaa nacho uwanjani. Kazi iliyobaki si kubwa kuliko ile. Baada ya kila maafa, MINEMA na wilaya zibandike kwenye ukuta wa ofisi ya kila akagari, kwa Kinyarwanda chepesi, kiasi kilichopokelewa na kilikotoka, kaya ngapi zililipwa na kiasi gani kwa kaya, kilichobaki na kiko wapi. Na wizara ya kilimo ifanye vivyo hivyo kwa ruzuku ya bima, kampuni kwa kampuni, msimu kwa msimu. Majina ya wadogo yabaki kwenye inteko, ambako jirani anamjua jirani. Karatasi moja na gundi vinatosha, na mvua za msimu ujao hazitangoji kikao kingine Kigali.